Kiyoyozi cha Chumba Nisichoweza Kuingia

Duka la Vifaa vya Uchimbaji,
Kalangalala, Geita.
Oktoba, mvua bado.

Kwa Mzee Mabula,
Kharumwa, Wilaya ya Nyang'hwale.

YAH: KUTENGENEZA KIYOYOZI AU KUNUNUA KINGINE: OMBI LA UAMUZI WAKO

Baba Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na ng'ombe waliobaki. Sisi huku Geita ni wazima, isipokuwa kiyoyozi, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Huku mtaani tunakiita AC, lakini naona si adabu mkwe kumwandikia baba mkwe wake jambo zito kwa herufi mbili tu. Kwa hiyo humu nitakiita kiyoyozi mpaka mwisho.

Ningeweza kukupigia simu, na nimejaribu. Tatizo ni kwamba kila nikipiga unaiweka kwenye spika na kuilaza kando ya bao, na kabla sijamaliza salamu wazee wote waliopo wameshatoa hukumu. Mara ya mwisho mmoja alisema ninunue feni, mwingine akasema nimwagie bati maji, na wewe ukasema yaleyale unayosema siku zote, kwamba tukitengeneze hicho chombo haraka ili mama yetu arudi nyumbani. Simu ikakatika ndiyo kwanza nafungua mdomo. Barua haina spika. Dereva wa fuso anayepeleka saruji Kharumwa ameniahidi kuiweka mkononi mwako mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mama alipokuja kututembelea baada ya mavuno, alikuja na begi moja na debe la michembe ya viazi vitamu, akasema anakaa wiki. Wiki ikazaa wiki. Joto lilipoanza, mimi na binti yako Eunice tukaona ni aibu mzazi kubanana na watoto chini ya bati wakati chumba chetu sisi kina kiyoyozi. Tukampa chumba chetu kwa moyo mweupe. Halafu mwanzoni mwa mwezi huu kiyoyozi kikazimika, na Mama akatangaza, kupitia kwa Eunice, kwamba yeye haondoki na kuacha kitu cha mkwe kimeharibika, maana watu wa Kharumwa watasema amekiharibu yeye. Ataondoka siku kitakapopona.

Uamuzi wa namna hii jirani zangu huumaliza kwa fundi mmoja na kikombe cha chai. Kwangu umegeuka kesi ya ukoo. Naomba upitie malalamiko yangu kwa subira, kama nilivyoyaandika.

1. Kuhusu kuamulia kitu nisichokiona

Unaijua desturi yetu kuliko mimi. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hamkazii macho, hali naye meza moja, wala jina lake halitamki, ndiyo maana hata humu sijaliandika. Naiheshimu sana desturi hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba kiyoyozi nimekinunua mimi, kimefungwa kwenye ukuta nilioujenga mimi, naulizwa mimi kama kitengenezwe au kibadilishwe, na sijakitia machoni tangu Mama ahamie humo. Ninachokijua ni mgongo wake tu, yaani ile mashine ya nje iliyoko nyuma ya nyumba karibu na kamba ya kuanikia nguo. Kila jioni naenda kuitazama. Nasimama, natikisa kichwa, narudi. Majirani wameanza kuamini kwamba huko nyuma ndiko ninakosalia.

Kabati la nguo zangu limo humohumo. Nguo zinanifikia kwa mkono wa Eunice, na anayezichagua ni Mama. Kila Jumapili naenda kanisani na lile shati la kitenge tulilolishona kwa sherehe ya shangazi yake Eunice, lenye picha ya mnanasi kifuani, kwa sababu Mama anasema linanipa heshima. Padri amenipongeza. Nadhani alimaanisha kunifariji.

2. Kuhusu mafundi

Mwanzoni nilidhani kazi ni nyepesi. Mimi siwezi kuingia, basi ataingia fundi.

Nikamwita Boaz, fundi wa mafriji na viyoyozi hapahapa Kalangalala, kijana mpole anayevua viatu hata kwenye nyumba zisizo na zulia. Alikuja na mtungi wake wa gesi. Kabla hajavuka kizingiti, Mama akamsalimia kutoka nyuma ya pazia la mlango na kumuuliza kwao ni wapi, ameoa wapi, na babu wa mke wake alichunga upande gani wa mto. Maswali yalipofika kwa bibi wa mke, ikagundulika kwamba mke wa Boaz ni mtoto wa binamu yake Mama. Kumbe naye ni mkwe! Boaz alirudi kinyumenyume mpaka uani, akaacha bisibisi pale mlangoni. Akaipima mashine ya nje kwa mbali, kwa aibu, akasema gesi imekwisha. Kitengenezwe.

Nikasema sasa nitamtafuta mtu wa mbali. Nikamleta Donatus kutoka Nyahanga kule Kahama, Mhaya kabisa, nikijua wazi kwamba Mama hana ndugu Bukoba. Mama hakuhangaika na Bukoba. Alikwenda moja kwa moja kwa mke. Mke wa Donatus, Baba, amezaliwa Kharumwa, nyumba iliyo karibu na kisima, na ukoo wake unaujua. Mkwe wa pili. Donatus akaweka sikio kwenye mashine ya nje, akaikuta kimya, akasema kompresa imekufa. Kinunuliwe kingine.

Hapo nikajiona mjanja nikamwita Chacha, Mkurya wa Tarime, anayetengeneza mapampu machimboni. Hajaoa. Hana hata mchumba. Mama alimhoji muda mrefu mpaka mtu wa watu akaomba maji ya kunywa. Mwishowe akatoa hukumu kwamba kwa kuwa Chacha ni rafiki yangu na huwa tunakula sahani moja dukani, basi rafiki wa mkwe naye ni mkwe. Sheria hiyo sijawahi kuisikia. Nimewauliza wazee watatu wa Kisukuma hapa mjini. Wawili hawaijui, na wa tatu alisema haijui lakini ameipenda. Chacha aliondoka akisema mashine ya nje ina afya kuliko mimi, na kama kuna ugonjwa uko ndani, ambako hawezi kusema lolote bila kuingia.

Utaniuliza kwa nini sikutafuta fundi wa kike. Nilimtafuta. Anaitwa Loveness na anajua kazi yake. Mama alimtupia jicho moja tu, akasema binti huyu ni mjamzito na ni mwiko kumpandisha ngazi. Loveness hana mimba. Hilo amenihakikishia yeye mwenyewe, kwa ukali, mbele ya wateja wangu.

Kwa hiyo nina kauli tatu za wataalamu wasioingia ndani na moja ya mtaalamu aliyekasirika. Eunice naye amebonyeza rimoti mpaka kidole kinataka kuota sugu. Hakuna kinachowaka.

3. Kuhusu hasara ya kila njia

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyofikiria kuoa.

Tukikitengeneza cha zamani, kitapona na Mama atarudi kwako. Vizuri. Lakini kitu kilichotengenezwa huharibika tena, hilo kila mtu analijua. Kikiharibika Mama akiwa ameshaondoka, watu watasema kilikuwa kinamngoja atoke, na yeye atalazimika kurudi Geita kusafisha jina. Na safari hiyo atakuja na madebe mawili ya michembe.

Tukinunua kipya, Mama ameshasema kwamba hawezi kuniacha nitapeliwe na wenye maduka. Ni lazima abaki ashuhudie kama kweli kinadumu. Muuzaji ametoa dhamana ya miaka mitano. Eunice, bila kujua anachokifanya, akamsomea mama yake karatasi ile ya dhamana neno kwa neno. Miaka mitano, Baba! Nelly wetu atakuwa ameota ziwa na kuanza kunificha simu yake. Mimi nitakuwa nimeota mvi stoo.

4. Kuhusu makazi yangu ya sasa

Nimetaja stoo. Eunice analala na mama yake. Watoto wamejaa chumba chao. Sebuleni siwezi, kwa sababu ndiyo njia ya Mama ya kwenda uani, na tukigongana gizani sijui ni mbuzi gani atatosha kunitakasa. Kwa hiyo nalala stoo ya duka, kati ya mapampu na magunia ya viatu vya gambuti. Joto la humo usiniulize.

Juzi alfajiri mchimbaji alikuja kununua kamba ya kushukia shimoni, akanikuta napiga mswaki nimevaa kofia ngumu, maana nilikuwa nimeiweka kichwani nikitafuta kandambili gizani. Kufikia mchana habari ilikuwa imeshafika machimboni kwamba Bartholomeo amepata dhahabu, ameifukia stoo na anailalia. Tangu hapo wamekuja watu wawili kuniuzia mbwa, na mganga mmoja kunipa bei nafuu ya ulinzi. Hasara hii yote imeanzia kwenye kiyoyozi.

5. Kuhusu ugali kuungua

Mama anapika, na anapika vizuri, sitaki unielewe vibaya. Lakini tangu kiyoyozi kizimike, simu ya Eunice ikilia tu Mama anaacha mwiko ndani ya sufuria na kwenda kuuliza ni nani anapiga. Akiambiwa ni mteja, anarudi jikoni. Akiambiwa ni mama wa jumuiya, anarudi jikoni. Wakati huo ugali umeshashika chini. Nimelichunguza jambo hili kupitia kwa Eunice na jibu nililopata ni kwamba Mama anasubiri simu ya fundi. Sasa ni fundi yupi, Baba, wakati wote ameshawafanya wakwe? Nakuomba unisaidie kumweleza kwamba fundi akipiga atapiga kwangu.

6. Kuhusu watoto

Lalamiko hili ni gumu kulieleza, kwa sababu halifanani na lalamiko. Nyumba imetulia mno. Watoto wanapiga magoti kunisalimia asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mwanzoni nilidhani wamevunja kitu. Nelly anaongea Kisukuma kinachoninyamazisha. Juzi alinisema kwa kutomaliza matobolwa ya viazi, nikayamaliza. Eunice anacheka na mama yake huko jikoni mpaka mimi, niliyeko upande wa pili wa ukuta na kitabu cha maagizo ya kiyoyozi mkononi, najikuta nacheka bila kujua kimesemwa nini. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, unajua. Sijui nyumba huwa inasikika hivi. Naliandika hapa kama lalamiko kwa sababu nimezoea, na kitu nilichozoea kikiondolewa nitaumia, na atakayekuwa amenisababishia ni kiyoyozi.

MAOMBI YANGU

Kutokana na hayo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo.

Kwanza, naomba wazee wa ukoo wakae wanipe ruhusa ya siku moja ya kuingia chumbani mwangu. Nipo tayari kufungwa kitambaa machoni na kuongozwa na Nelly. Mama anaweza kwenda kwa jirani, na kama hiyo haitoshi, aende Mwanza. Nitabonyeza ninachokifikia, nitatoka, na mbuzi wa kikao nitamtoa mimi.

Pili, kama hilo linavunja desturi, naomba kiyoyozi chenyewe kihamishiwe Kharumwa na kufungwa chumbani kwako. Nimelipima wazo hili kila upande na naona ndilo la haki. Mama amesema yuko hapa kwa ajili ya kiyoyozi, basi kiyoyozi kikienda Kharumwa naye atakwenda Kharumwa. Najua nyumba yako haina umeme. Najua pia ulikuwa na mpango wa kuuvuta lile duara lako la uchimbaji litakapotoa dhahabu. Kuhusu duara hilo sitasema lolote. Ni kweli kwamba ng'ombe uliyemuuza ili uingie ubia wa shimo lile alikuwa wa Mama, tena aliyetoka kwenye mahari niliyotoa mimi, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, na ni kweli kwamba hakuulizwa. Ni kweli pia kwamba ndani ya duara hadi leo kumetoka maji na popo. Lakini mimi ni mkwe, sina mdomo, na barua hii inahusu kiyoyozi.

Tatu, kama yote mawili yatashindikana, nimeshafikia uamuzi wangu na ninakuarifu tu. Kiyoyozi hakitatengenezwa wala hakitanunuliwa kingine. Nitajenga nyumba nyingine. Kiwanja ninacho. Nyumba ya sasa itabaki kuwa ya Mama na kiyoyozi chake, nasi tutahamia kwenye mpya, ambayo nitaijenga bila tundu hata moja la kiyoyozi ukutani, na wageni watapewa mkeka na feni ya mkono. Nimelieleza wazo hili kwa Eunice. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nasubiri hukumu yako, Baba. Ukisema nitengeneze, nitatengeneza. Ukisema ninunue, nitanunua. Nisalimie Mzee George jirani yako, na wale wazee wote wa bao, hasa yule wa feni. Mwambie nilinunua, na watoto wameshaivunja. Wasalimie na wachungaji wako. Eunice anakupa shikamoo nyingi. Nelly naye anasema utunze yule ndama uliyemwahidi, kama bado yupo.

Ni mimi mkwe wako, ninayeandika juu ya gunia la gambuti,

Bartholomeo

Nyongeza:

Fuso imechelewa kupakia, nami nimeifungua bahasha tena. Nisome hapa, Baba, na hapo juu unaweza kupaacha.

Leo asubuhi Eunice aliingia chumbani kutoa mapazia ili ayafue. Nyuma ya pazia la dirisha iko ile swichi kubwa ya kiyoyozi ya ukutani, ambayo sote tulikuwa tumeisahau kwa sababu haijaguswa tangu siku ya kwanza. Aliikuta imezimwa. Akaiwasha, akabonyeza rimoti, na kiyoyozi kikaunguruma na kupuliza baridi. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikaona mashine ya nje inazunguka, nikakaa chini kwenye beseni la nguo. Gesi ipo. Kompresa ni nzima. Hakina ugonjwa wowote, na hakijawahi kuwa nao.

Eunice alimuuliza mama yake ni nani aliyezima. Mama hakukana. Alisema alikizima mwenyewe siku ile ulipopiga ukauliza mbegu za choroko ameziweka wapi, ukazipata, ukaaga. Alisema kikiwa kibovu, akiulizwa mbona harudi kwake ana la kujibu. Kikiwa kizima, hana. Na yeye hawezi kujirudisha peke yake kama ng'ombe aliyekosea zizi, wakati mwenye zizi hajatoka hata kumtafuta. Aliyasema hayo akiwa anakunja mapazia, Eunice anasema, na hakulia, lakini aliyakunja na kuyakunjua na kuyakunja tena.

Tumekiacha kinawaka. Chumba ni baridi na hakuna mtu ndani. Mama amechukua kigoda akakaa nje mbele ya nyumba, kwenye jua, mahali inapoonekana barabara, na mimi imebidi nizungukie kwa jirani ili nifike dukani.

Baba, usimtume mtu, na habari za kiyoyozi usiziulize tena. Nina miaka mingi na wewe na sijawahi kukukumbusha jambo, lakini leo naomba unisamehe. Mwaka ule Eunice aliponikasirikia akarudi kwenu, mimi pia nilipiga simu. Ukaniambia mke hafuatwi kwa simu. Nilikuja kesho yake kwa pikipiki, mvua inanyesha, na wewe ndiye uliyenifungulia mlango.